Steringi Hafi: Barua ya Wazi kuhusu Sinema za Watoto Wakati wa Likizo

Kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa. Kwa Bodi ya Filamu Tanzania. Kwa wakuu wa vituo vya televisheni, cha umma na vya binafsi. Na kwa maafisa utamaduni wa wilaya, ambao ndio mnaoishi nasi karibu.

Waheshimiwa, salaam nyingi kutoka Ngamiani, Tanga.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na bibi wa wajukuu saba. Wawili naishi nao. Watano wako Dar es Salaam kwa wazazi wao, na kila shule zikifungwa, Juni na Desemba, hupakiwa kwenye basi na mabegi yao pamoja na maagizo ya mama zao. Huyu asile karanga, zinamvimbisha. Yule asipitilize saa tatu bila kulala. Na mwisho kabisa, kila mwaka, agizo lile lile: "Mama, nakuomba, wasiangalie mavitu ya ajabu kwenye TV." La karanga nalimudu. Hili la mwisho limenishinda, na ndilo linalonifanya niwaandikie.

Mzazi ndiye mchaguzi, mnatuambia. Nimelisikia redioni, nimelisikia kwenye vikao vya shule, nimelisikia msikitini, na jirani yangu anasema kanisani kwao ni hivyo hivyo: wazazi, chagueni kitu wanachotazama watoto. Haya. Desemba iliyopita nilikwenda kuchagua. Naomba niwasimulie nilivyochagua.

Nilijitanda, nikashuka mpaka kwenye laibrari ya muvi. Kijana wa pale ana kompyuta moja, spika mbili, na ukuta umejaa karatasi za majalada: bunduki, bunduki, mwanamke anayelia, bunduki. Nikamwambia, mwanangu, nataka muvi za watoto. "Katuni, bibi?" Nikamwambia si lazima katuni. Nataka picha ya kukaa wote sebuleni, mimi na babu yao, mkubwa aliye kidato cha pili na mdogo wa chekechea, pasiwe na mtu wa kuinuka kwa aibu wala wa kulala kwa kuchoshwa. Akakuna kichwa. "Za hivyo hatujazipanga, bibi. Sisi tunapanga za mapigano, za mapenzi, za kutisha, za Kihindi, za Kikorea, sizoni, na za kutafsiriwa."

Simlaumu. Amepanga duka kwa jinsi wateja wanavyouliza, kama muuza samaki anavyotenga changu mbali na dagaa. Mteja aliyeingia akasema "nipe ya mtoto wa miaka saba" labda nilikuwa wa kwanza. Nikachukua jalada moja la zamani lililobaki rafuni, la muvi ya hapa hapa nyumbani, nikaligeuza. Stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, ilikuwepo, zile zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013. Nikavaa miwani nitafute mahali pa kuniambia kama muvi ile inamfaa mtoto, na wa umri gani. Sikupaona. Nikajua tu kwamba kodi imelipwa.

Siku hizi hata jalada lenyewe limekwisha. Unapeleka flashi, unawekewa muvi kumi kwa bei ya soda mbili, na kila moja ina jina la faili basi, tena lililokatwa katikati. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, imewapa nyinyi wa Bodi kazi ya kukagua filamu na kuzipanga kwa madaraja. Sina sababu ya kusema kazi hiyo haifanyiki. Ninasema daraja linaloishia ofisini ni sawa na cheti cha dawa kilichobaki mezani kwa daktari. Mgonjwa yuko Ngamiani.

Sasa kibanda umiza, yale mabanda ya mtaani ya kuonyeshea video kwa kiingilio. Wajukuu wangu asubuhi huenda chuo cha Kurani, wakirudi wanakula, halafu jua la Tanga linawaka mpaka kuku wanakaa chini ya mwembe midomo wazi. Saa nane hivi nyumba ilikuwa kimya. Bibi yeyote anajua kimya cha watoto saba si neema. Nikatoka kuwatafuta, nikawakuta watano mtaa wa tatu kutoka kwetu, ndani ya banda la mabati lenye turubai jeusi mlangoni. Mwenye banda akasimama haraka. "Shikamoo, Mwalimu." Nilimfundisha kuzidisha, darasa la tatu, na saba mara nane ilimsumbua mpaka akalia. "Marahaba. Wanangu wamo humu?" Akatazama chini. Nikamwambia asiwatoe. Nikainama nikaingia, nikakaa nao kwenye benchi. Kiingilio changu alikikataa katakata.

Nilikaa picha nzima. Ilikuwa ya mapigano, ya ng'ambo, imetafsiriwa, na mtafsiri alikuwa fundi haswa. Adui akitoa macho, mtafsiri anamwekea maneno ya dalali wa sokoni. Polisi mzungu akifungua friji, anaulizwa kama mke ameacha kiporo. Watoto walikuwa hoi kwa kucheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Katikati ya vicheko hivyo mtu mmoja alipigwa risasi nikahesabu mpaka kumi na moja, nikaacha. Ikafika sehemu ya kitandani. Mwenye banda, mwanafunzi wangu, akaruka na rimoti akaipeleka mbele, huku akinitazama kwa jicho la pembeni aone kama nimeona adabu yake. Niliona. Niliona pia kwamba damu hakuipeleka mbele hata sekunde moja. Wala hakuona kama kuna haja.

Nimelifikiria jambo hili sana. Kijana yule anayo bodi yake ya filamu ndani ya kichwa, na kanuni yake ni moja: mambo ya kitandani, hapana, mengine yote, ruksa. Ni kanuni ya wengi wetu. Binti yangu akisema "mavitu ya ajabu" anamaanisha hayo hayo, na hata mimi ningeulizwa siku moja kabla ningejibu hivyo hivyo. Mtu akikatwa shingo mbele ya mtoto wa miaka sita tunaendelea kumenya muhogo.

Ninawaomba msiyafunge mabanda. Nalisema hili mapema kwa sababu najua barua kama yangu ikifika mezani, njia nyepesi ni kutuma mgambo. Nilipokuwa msichana tulikuwa na Majestic na Novelty hapa mjini, na picha ya Kihindi ya Jumapili ilikuwa inasimuliwa bombani mpaka Alhamisi. Kumbi zile zimekwisha. Kwa mtoto wa Ngamiani, Makorora au Mikanjuni ambaye kwao hamna televisheni, au ipo na kifurushi kimeisha, sinema ni lile banda la mabati. Mkilifunga atatazama kwenye simu ya kaka yake, chini ya shuka, peke yake, na huko hakuna mtu mwenye rimoti na haya.

Nilimwuliza mwanafunzi wangu kwa nini asiweke picha za watoto mchana. Akanijibu kitu ambacho nilistahili kukijua bila kuambiwa, maana nimeishi darasani. "Mwalimu, ninazo. Nikiweka isiyotafsiriwa, wanatoka. Ikiwa ya Kiswahili, hata iwe ya nini, wanakaa." Mtoto hafuati bunduki kwenye kile kibanda, Waheshimiwa. Anafuata sauti. Na sauti ya Kiswahili, kwa sehemu kubwa, imewekwa kwenye picha za mauaji, kwa sababu watafsiri wanatafsiri zinazouzika kwa watu wazima. Marehemu Lufufu, mmoja wa walioifanya kazi hii ijulikane nchini, na vijana waliomfuata, wametufundisha kwamba mtu mmoja na kipaza sauti anaweza kuifanya picha ya Hong Kong iwe ya Kariakoo. Hakuna aliyewapa picha ya mtoto na kuwaambia: na hii, tuwekeeni maneno. Tunajadili maadili, na watoto wetu wameshachagua kwa lugha kabla hatujafika kwenye maadili.

Usiku ule nilirudi laibrari. Nilimganda yule kijana mpaka akapekua kompyuta yake yote, akasema, "Kuna hii ya Wakenya, bibi, wanaongea Kiswahili, ina mtoto." Ilikuwa Supa Modo, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. (Najua, alivyoniwekea kwenye flashi si halali, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inatuhusu wote wawili. Nilimwuliza wapi hapa Tanga naweza kuinunua kihalali. Akacheka. Mkinionyesha duka, nitalipa na ya zamani.)

Kwa wasioiona: kuna msichana wa miaka tisa, Jo, anayependa sana picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Ni mgonjwa wa kutopona, na mama yake ameamua amtoe hospitali amrudishe nyumbani. Dada yake hakubali Jo akae ndani kungoja, anawashawishi wanakijiji mmoja baada ya mwingine, na kijiji kizima kinashirikiana kumwaminisha mtoto kwamba na yeye anazo nguvu, kisha kinamtengenezea sinema yake. Yumo na kijana mwenye banda la video, mwanafunzi wangu alipoiona baadaye alisema, "Huyu mimi." Tulicheka sebuleni, tulipiga makofi, mkubwa wa kidato cha pili, ambaye alikuwa ameshatangaza kwamba hatazami vitu vya watoto, akasogea kutoka kwenye kiti cha mlangoni mpaka kwenye mkeka.

Kisha Jo akafa.

Mnajua sheria ya picha kwenye mabanda yetu. Steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Anaweza kudondoka kutoka ghorofani, anaweza kufungwa kwenye gari linalowaka, watoto wanakaa tu, wanajua. Mjukuu wangu wa miaka saba aligeuka akanitazama mimi, siyo televisheni. "Bibi, steringi kafa?" Nikasema ndiyo, baba. "Kafa kabisa?" Babu yao, aliyekuwa amejifanya kalala toka mwanzo, akavuta shuka usoni. Mtoto akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunisimulia habari za mwenzake wa dawati moja shuleni, aliyeugua mwezi wa tatu na hakurudi. Jina lake, rangi ya begi lake, na kwamba penseli yake bado anayo. Mama yake alipojua, kesho yake kwa simu, alilia. Miezi tisa mtoto alikuwa nayo hiyo penseli, hajasema na mtu.

Sijutii kuwaonyesha picha ile. Lakini laiti ningelijua mapema. Ningemkalisha yule mdogo wa miaka minne kwa jirani, maana yeye hakuelewa chochote isipokuwa kwamba watu wazima wanalia, akaamka usiku mara tatu. Ningemweka wa miaka saba karibu yangu toka mwanzo. Hapo ndipo nilipoona kwamba namba peke yake hainitoshi. Mngebandika "miaka 7" au "miaka 10" bado nisingejua kilichomo. Bibi anahitaji sentensi mbili za Kiswahili: mtoto anaugua na anafariki mwishoni, hamna matusi wala mapigano ya damu. Hizo tu. Mimi ndiye ninayemjua mjukuu wangu na penseli yake. Nyinyi mnaijua filamu. Nusu yenu na nusu yangu tukiziunganisha, tumechagua.

Wala tusijidanganye na katuni. Hapa kwetu neno "katuni" limekuwa hati ya usafi: ikiwa imechorwa, basi salama, mama anaenda jikoni. Ile maarufu ya simba wa mwaka 1994 ina baba anayeuawa na ndugu yake mwenyewe, mtoto akishuhudia, na mtoto yule anabebeshwa lawama. Nimewaona watoto wakishikana mikono hapo. Ni hadithi nzuri, naipenda, lakini ni hadithi ya msiba, na wengi walioiweka hawakujua mpaka picha lilipofika pale. Tena mle ndani simba anaitwa Simba, nyani anaitwa Rafiki, na tunayoiona sisi mazungumzo ni Kiingereza. "Hakuna matata" kampuni ya Disney ikaisajili Marekani kuwa alama yake ya biashara mwaka 2003. Haya, tuachane na hilo, nisije nikapandisha presha.

Mtaniambia fedha hakuna. Naomba niwarudishe nyuma kidogo, maana mimi ni mtu wa mkoa huu. Mwaka 1935, Vugiri, huko juu milima ya Usambara, Korogwe ya leo, Waingereza waliweka kituo cha majaribio ya sinema za elimu. Wakatengeneza filamu fupi fupi mpaka mwaka 1937: za safura, za kuweka akiba posta, za kilimo. Maneno waliyarekodi kwenye sahani za santuri kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, wakapakia vyombo kwenye lori wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Nyasaland, Malawi ya leo. Dharau ilikuwa nyingi mle. Mwafrika mjinga, Mwafrika mwerevu, na mwerevu daima ni yule anayemtii mzungu. Siombi turudi huko. Nasema tu kwamba watu waliotudharau walielewa miaka tisini iliyopita kwamba sinema isiyosema lugha ya mtazamaji ni kivuli ukutani.

Na karibu zaidi: mwaka 2011 televisheni ya taifa ilituonyesha tamthilia ya Kichina ya mkamwana Doudou na mama wakwe zake, wakizungumza Kiswahili. Mtaa mzima tulikuwa tunagombana nani mwenye makosa, mke au mama mkwe. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake, kwamba imewafanya Watanzania waone maisha ya kawaida ya Wachina. Tangu hapo Waturuki nao wametiwa sauti ya Kiswahili, masultani na vijakazi wao wanateta kwa lafudhi ya Dar es Salaam, na mume wangu hakosi. Studio zipo. Waigizaji wa sauti wapo. Kinachotiwa sauti ni fitina za ikulu, basi.

Hata vya watoto tumethibitisha tunaweza. Ubongo Kids, katuni inayotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kurushwa TBC1 mwaka 2014, na nimewahi kusahihisha madaftari ya watoto walioelewa hesabu kwa nyimbo zake kuliko kwa chaki yangu. Nilinuna siku mbili, kisha nikazifundisha mwenyewe. Lakini hicho ni kipindi cha nusu saa cha kumfunza mtoto. Sinema ya saa moja na nusu ya kukaa ukoo mzima, inayozungumza kama sisi, hiyo ndiyo nimeisaka Desemba nzima nikapata moja, na yenyewe ya jirani.

Basi nini nataka. Nataka, wiki mbili kabla ya shule kufungwa, karatasi moja. Upande mmoja tu. Filamu kumi na mbili ambazo Bodi imeshazitazama, kila moja na umri wake na zile sentensi mbili zangu za kilichomo, pamoja na mahali pa kuipata kihalali. Ibandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na ofisi za kata, na ipigwe picha itumwe kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, maana huko hata matangazo ya upotevu wa mbuzi yanafika nchi nzima kabla ya adhuhuri. Walimu watawasaidia. Mwalimu wa darasa la pili anajua vizuri zaidi kuliko kamati yoyote nini kinamtisha mtoto wa darasa la pili.

Kwa vituo vya televisheni ombi langu ni dogo, ila nitalisema kwa ukali kidogo. Likizo si usiku. Desemba hiyo hiyo, saa nne asubuhi, kituo kimoja ambacho sitakitaja kilikuwa kinaonyesha kipindi cha watoto, na katikati yake kikaweka kionjo cha tamthilia ya usiku: mwanaume anamburuta mke kwa nywele mpaka barazani. Dakika nzima. Kisha wakarudi kwenye sungura. Tamthilia yenyewe mnairusha saa tatu usiku kwa sababu mnajua si ya watoto. Kionjo chake hakiwi cha watoto kwa kuwa kifupi. Na kile kituo cha umma, ambacho ndicho chetu bila kifurushi, kitupe saa mbili za mchana kwa majuma manne ya Juni na yale ya Desemba. Sinema moja kwa siku, ya Kiswahili au iliyotiwa Kiswahili. Ikirudiwa msiogope; watoto ndio watazamaji pekee duniani wanaodai marudio.

Kuhusu sauti, waiteni watafsiri wa mabanda. Najua baadhi yenu mnawaona wahuni wa hakimiliki, na mnayo haki ya kulisema. Lakini wao ndio wanaojua mtoto wa Kitanzania anachekea wapi. Wawekeni chumba kimoja na watu wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na mwenye filamu aliyekubali kulipwa, wapeni picha tatu za watoto kwa mwaka. Tatu. Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa makongamano na vitenge vipya, na shule zinakuwa zimetoka kufungua, watoto wamemaliza likizo nzima wakitazama midomo inayosema lugha wasiyoijua. Picha tatu zilizotiwa sauti zingekuwa sherehe nzuri kuliko keki.

Nanyi maafisa utamaduni, tembeeni mabandani bila mgambo. Mwenye banda anayetenga saa mbili za mchana kwa watoto, na ubao nje unaosema leo ni picha gani na ya umri gani, mpunguzieni ada. Kijana wangu anaihesabu shilingi. Ukimwonyesha kwamba adabu inapunguza gharama atakuwa na adabu kuliko mimi. Wizara inaweza kuona ni jambo dogo mno kuandikiwa waraka. Liandikieni hata nusu waraka.

Mimi upande wangu nimeanza. Juma lililopita nilikwenda bandani na kopo la rangi nyeusi na ubao wa zamani niliopewa shuleni siku ya kustaafu, ambao miaka yote mume wangu amekuwa akitishia kuufanya kuni. Tumekubaliana na mwanafunzi wangu: likizo hii ya Juni, kila siku saa tisa hadi saa kumi na moja jioni ni ya watoto, kiingilio mia mbili, wa chini ya miaka mitano aje na mkubwa wake, na mimi nitakaa benchi la nyuma. Yeye amelipa turubai jipya. Mtafsiri mmoja wa hapa mjini amesema akipewa picha inayofaa ataitia maneno bure, mara moja, kuona itakuwaje.

Wajukuu wanashuka stendi ya Kange Jumamosi. Ubao umeshakauka, nimeupigia mistari kwa rula na kuandika kwa chaki: SINEMA YA WATOTO. SAA TISA MCHANA. UMRI. KILICHOMO. Mbele ya "Jumatatu" nimeandika Supa Modo, na chini yake zile sentensi mbili. Kuanzia Jumanne kwenda chini mistari iko mitupu, nawasubiri nyinyi.

Wenu,
Bibi na mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga